Mfalme Manase wa Yuda alitubu kabla ya kufa?
Ndiyo ndugu, alitubu. Soma 2 Mambo ya Nyakati 33:11-16: majemadari wa Ashuru walimchukua hadi Babeli akiwa amefungwa pingu, na huko kwenye taabu akajinyenyekeza sana, akaomba, Mungu akamsikia na kumrudisha Yerusalemu katika ufalme wake. Wanaosema alikufa katika uovu huwa wameishia 2 Wafalme 21, ambayo haiitaji kabisa toba hiyo. Na ilikuwa toba ya matendo: aliiondoa hekaluni sanamu aliyoiweka mwenyewe, akazitupa madhabahu nje ya mji, akawaamuru Yuda wamtumikie Bwana. Hata mwanawe Amoni analaumiwa kwa kutojinyenyekeza kama baba yake (mstari wa 23).

Ila tusiipuuze damu isiyo na hatia aliyoijaza Yerusalemu, na huyu alitawala miaka 55. Mungu alimrehemu yeye, lakini 2 Wafalme 24:3-4 bado inaitaja damu hiyo kuwa sababu ya Yuda kuondolewa mbele za Bwana, miaka mingi baada ya Manase kuzikwa.