Oili inayogandishwa na sumaku, wanaipimaje?

SWALI: Habari za kazi, mi ni fundi gereji hapa Ngamiani, Tanga. Mteja kaniambia kuna gari shokapu zake zina oili inayokuwa nzito ukiipitishia sumaku ya umeme. Sasa nguvu yake inapimwaje, maana ukiitazama kwenye kopo ni oili nyeusi tu?

JIBU: Salama fundi, na mteja wako yuko sahihi kabisa. Ile oili imechanganywa na vumbi laini mno la chuma, chembe za kama mikromita 1 hadi 10 (mikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita), Jacob Rabinow kule Marekani ndo aliibuni miaka ya 1940, na sumaku ikiwaka zile chembe zinajipanga minyororo inayoizuia oili isitembee. Kupima wanatumia mashine inaitwa reomita, wanaweka oili kidogo katikati ya sahani mbili, ya chini imetulia, ya juu inazungushwa, koili ya umeme inayotoa sumaku ipo chini ya sahani zote, halafu wanasoma nguvu inayotakiwa mpaka sahani ianze kuzunguka. Bila sumaku inateleza tu, wakiongeza umeme inagoma kabisa mpaka uisukume kwa nguvu fulani, na hiyo ndo namba inayotafutwa, oili nzuri kwenye sumaku kali inafika kilopaskali (kipimo cha nguvu kwa eneo) 50 mpaka 100. Mi naona utamu wote upo hapo! Ila joto lazima lidhibitiwe, koili inachemka na oili ikipata moto inakuwa nyepesi, namba zinadanganya. Pia wanaiacha itulie waone chuma kinatuama kiasi gani, na hilo fundi uliulize kabla hujanunua shokapu ya hivyo, hasa iliyokaa stoo muda mrefu.