Kabla Hujailaumu Gemu ya Zamani, Kagua Runinga Yako

Likizo ya Desemba mpwa wangu alikuja kwangu Migosi, Kisumu, nikamfungulia gemu ya mapigano, Street Fighter II. Nilikuwa nimeinunua ndani ya ule mkusanyiko wa kuadhimisha miaka 30 ambao kampuni ya Capcom iliutoa mwaka 2018, gemu 12 kwa pamoja. Nilitamani sana aone kilichotukesheza utotoni pale Kondele. Nikashika padi ya kuchezea nimfundishe ngumi ya kupaa ya mpiganaji Ryu: mbele, chini, kona ya chini-mbele, bonyeza. Ryu akasimama tu. Nikarudia. Mara ya tatu alipaa, lakini tayari alikuwa amekula teke la uso.

"Mjomba, hii padi imekufa."

Padi ilikuwa nzima. Iliyochelewa ni runinga.

Runinga bapa ikipokea picha huifanyia kazi kwanza: huinoa, huing'arisha, hulainisha mwendo, ndipo ikuonyeshe. Ukitazama mpira hutagundua. Lakini gemu hii ni ya 1991, ilitengenezewa mashine iliyomwaga picha moja kwa moja kwenye kioo cha zamani, kile chenye kichogo, karibu picha 60 kila sekunde. Runinga ikichelewa sehemu moja tu ya kumi ya sekunde, umepitwa na picha sita. Unaruka moto ambao umeshakuchoma.

Kwa hivyo ingia kwenye mipangilio ya picha, utafute hali iliyoandikwa "Game", uiwashe. Runinga nyingi huweka mpangilio huo kwa kila tundu la HDMI peke yake, basi ukihamisha waya, kagua tena. Mimi nilihamisha, nikasahau, nikapoteza jioni nzima nikisugua padi kwa spiriti.

Ukiwa hapo hapo, usiivute picha ijaze kioo. Pac-Man ya 1980 na ile ya ndege za kivita iitwayo "1943" zilichezwa kwenye kioo kilichosimama wima. Ukizitanua, ndege inanenepa kama kiboko. Acha weusi ubaki pembeni.

Kuhusu kununua, sina mengi. Kama roho yako iko kwa gemu moja tu, usibebe mkusanyiko mzima. Kampuni ya Hamster imekuwa ikiuza za zamani moja moja tangu 2014 chini ya jina Arcade Archives.

Linaloniuma zaidi ni sarafu. Kwenye kibanda chetu cha gemu utotoni, shilingi tano ilikuwa nafsi yako. Ukifa, unapisha, na nyuma yako kuna foleni ya watoto wanaokuombea ufe. Ndiyo maana tulijifunza. Matoleo haya mapya yanakupa sarafu zisizoisha kwa kubonyeza kitufe, mengine hata yanakuruhusu kurudisha muda nyuma. Nilimaliza gemu nyingine ya mapigano, Final Fight, hivyo usiku mmoja, nikaenda kulala bila kukumbuka adui hata mmoja. Nakusihi, jiwekee sarafu moja. Mbili, kama umechoka.

Na mpwa wangu tulifanya hivyo: ukifa, padi inapita. Siku ya kwanza hakumaliza dakika mbili. Alinuna, akatoka nje, akarudi. Siku ya nne nilimrukia na mpiganaji wangu Ken nikidhani bado hajui, akanipokea hewani kwa ngumi ile ile, mbele, chini, kona. Akaweka padi chini, akakimbilia jikoni kumwambia mamake.