Kutoka anilini hadi para-nitroanilini

SWALI: Tumepewa anilini tupange hatua za kufikia para-nitroanilini. Niliandika hatua moja tu, asidi nitriki pamoja na asidi salfuriki, nikakosa. Kwa nini?

JIBU: Ndani ya asidi kali kundi la amino hushika protoni likawa –NH₃⁺, nalo huelekeza nitro kwenye nafasi ya meta (ya tatu kwenye pete ukihesabu kutoka amino), si para (ya nne, mkabala na amino). Karibu asilimia 47 ya zao huwa meta, na sehemu ya anilini huoksidika ikawa lami nyeusi.

Anza na zao, rudi nyuma: nani anaweza kuwa mzazi wake bila kuharibiwa na asidi? Asetanilidi, yaani anilini ambayo amino yake imefunikwa kwa kundi la asetili. Kwa hiyo funika amino kwanza kwa anhidridi ya asetiki. Kisha tia mchanganyiko wa asidi tone kwa tone, chupa ikiwa kwenye barafu, joto lisipite 10 °C. Likipanda, nitro ya pili huweza kuingia. Mwisho chemsha na asidi hidrokloriki, kondensa (bomba la kupoza mvuke urudi chupani) ikiwa juu, ili kifuniko cha asetili kitoke.

Hapa ndipo wengi husahau: zao bado ni chumvi iliyoyeyuka, huoni kitu. Ongeza amonia mpaka litmasi nyekundu igeuke bluu, na fuwele za njano zitashuka.