DOS ya Baba na Windows Yangu

SWALI: Mwalimu, ninauza dawa Kadutu, hapa Bukavu. Hesabu za marehemu baba zimo katika programu inayofunguka kwa DOS 6.22 tu, ule mfumo wa zamani wa kuendesha kompyuta. Mashine yangu ina Windows XP. Vyote viwili vinaweza kukaa pamoja?

JIBU: Mama, vinaweza, ila mkubwa atangulie. DOS hiyo ni ya 1994, XP ni ya 2001. Ukianza na DOS, XP ikifuata itakuwekea yenyewe orodha ya kuchagua kila unapowasha. Ukigeuza, DOS itaandika juu ya sekta ya kuwashia, yaani kipande cha diski kinachoanzisha mfumo, na XP haitaamka. Yalinikuta Ibanda na mashine ya mteja. Niliinusuru kwa sidii ya XP na amri ya fixboot, inayoandika upya sekta hiyo, lakini sikulala usiku ule.

Kwa kuwa XP yako imeshakaa, afadhali kuanza upya. Kwanza kabisa nakili hesabu za baba mahali pawili, na usimruhusu fundi kugusa kitu kabla hujazifungua kwingine ukaziona kwa macho yako. Kisha diski igawanywe kwa fdisk, programu ya DOS ya kugawa diski: sehemu ya mwanzo iwe ya DOS, kwa mpangilio wa faili uitwao FAT16, isizidi GB 2. Hata MB 500 zatosha. XP ikae sehemu ya pili.

Hesabu ziweke C, ile sehemu ya mwanzo, maana DOS haisomi NTFS, mpangilio wa faili wa XP. Na C hiyo usiifute kamwe, Mama: faili za kuwashia XP nazo zimo humo.