Makocha wapya, msiwafunge vijana wenu kabla refa hajapuliza filimbi

Jumamosi nilikuwa uwanjani naangalia mechi ya vijana, nikamsikia kocha mmoja mdogo, leseni D ya ukocha hata haijakunjika mfukoni, anawaambia watoto wake kabla hawajaingia: "Hawa jamaa wana hela, wana wachezaji, sisi leo tuzuie tu tusiaibike." Jamani! Nilitamani kuruka kamba nikamzibe mdomo. Wamekula nne. Sasa wadogo zangu wote mliopewa timu msimu huu njooni tuongee, maana haya makosa kaka zenu tulishayafanya na machozi tulishayatoa, hamna haja ya kuanza upya.

1. Timu ndogo haihitaji kukumbushwa kuwa ni ndogo. Vijana wanajua vizuri kabisa, wamekuja kwa kuchangishana nauli, jezi namba saba ziko mbili, na mpinzani wanamuona anashuka kwenye Coaster yake. Wanachosubiri kwako ni kuambiwa leo mpira tunauchezaje.

2. Usibadilishe kikosi usiku wa kuamkia mechi kwa sababu ya woga.

Hili naomba nilieleze lote. Miaka hiyo nilikuwa na timu ligi ya mkoa, tumeshinda mechi sita mfululizo, imebaki moja ya kupanda. Namba tisa wangu alikuwa kijana mfupi, mbio kama swala, anawanyima mabeki usingizi. Ijumaa jioni mtu akaniletea orodha ya wapinzani, nikaona majina mawili yaliyowahi kucheza ligi kuu. Sikulala. Saa nane usiku nimekaa na daftari nafuta naandika, asubuhi nikatoka na mabeki watano na namba tisa nimemweka benchi. Kapteni akaniita pembeni, kwa adabu kabisa, "Mwalimu, tucheze mpira wetu tu, hawa tunawaweza." Nami badala ya kumsikiliza nikamjibu mbele ya wenzake wote: "Kocha hapa ni nani?" Wale vijana walikuwa na kawaida ya kuimba wakivaa viatu, siku ile chumba kizima kimya, unasikia kamba za viatu tu. Tukazuia dakika themanini na saba. Ya themanini na nane kona, beki wangu wa kati amechoka hajaruka, goli. Basi. Filimbi ya mwisho ikalia na namba tisa wangu kavaa kizibao, viatu safi havina hata tope. Halafu kocha wao akaja kunipa mkono akaniambia walikuwa wamekaa wiki nzima wanapanga jinsi ya kumkaba yule mfupi, na walipomuona benchi wakashukuru Mungu. Yaani wao walikuwa wanatuogopa sisi! Vijana wangu walilijua hilo, kapteni alilijua, aliyekuwa hajui ni mimi niliyekabidhiwa timu. Yule kijana msimu ulipoisha hakurudi mazoezini, sasa hivi ana bodaboda, tukikutana ananipa shikamoo mwalimu kwa heshima zote na nauli anakataa. Kila nikishuka kwenye pikipiki yake kifua kinanibana.

3. Kapteni mpe nafasi ya kusema, na umsikilize.

4. Fanyeni mazoezi ya penalti, wote kumi na moja, kipa naye.

Na hapa ndipo naitaja Zambia ya 2012, ambayo nyie wengine mlikuwa bado mnacheza chandimu. Fainali ya AFCON, Kombe la Mataifa ya Afrika, na Ivory Coast ya Drogba, Yaya Touré na Gervinho, timu ambayo mashindano yote haikuwa imeruhusu hata goli. Zambia wengi wao wanacheza ligi za hapa hapa Afrika, Kalaba na Sunzu walikuwa klabu ya TP Mazembe pale Lubumbashi, Kongo. Mechi zao zote za kabla walicheza Equatorial Guinea, miji ya Bata na Malabo, na fainali ilikuwa Libreville, Gabon, kwa hiyo njia ya kufika Libreville ilikuwa moja tu, kuingia fainali, na karibu na Libreville ndipo ndege iliyobeba timu yao ya taifa ilipoanguka baharini Aprili 1993 na kuua wote 30 waliokuwemo, wachezaji 18. Kocha Hervé Renard na vijana wake wakaenda ufukweni kuweka maua kabla ya fainali. Angalieni alichofanya: hakuwaambia Drogba ni nani, aliwakumbusha wao ni nani. Drogba akapaisha penalti kipindi cha pili, dakika 120 zikaisha bila goli, kwenye matuta kipa Mweene naye akapiga akafunga, huku wenzake wanaimba. Kalaba akakosa, hawakuvunjika. Gervinho akakosa, Sunzu akamaliza, 8-7.

Lakini mimi kinachonitoa machozi mpaka leo ni Musonda. Beki, aliumia mapema kabisa kipindi cha kwanza, akatoka analia. Mechi ilipoisha hawezi kutembea, Renard akambeba mikononi akampeleka kwa wenzake washangilie wote. Kocha wa namna hiyo akikwambia ruka, unaruka, hata dakika ya 88.

5. Aliyekosea mfuate kwanza yeye, wengine watakuona.

6. Maji na barafu viwepo, sio kila mechi mnakimbilia duka la jirani.

Na wewe dogo wa Jumamosi, wiki ijayo mnacheza tena na wakubwa wengine. Nitakuwepo, nitasimama pale pale kwenye kamba. Yule winga wako wa kushoto uliyemuingiza dakika ya 80 mkiwa mshafungwa tatu, mtoto akapiga chenga watu wawili mguso wake wa kwanza tu, nataka nimuone anaanza.