Kwa aliyeuliza kama alipe zaka zote za nyuma ndipo Mungu ampokee tena

Mkuu, umesema ulikuwa mwanakwaya, ukaingia kwenye kubeti, mikeka ikakuvuruga, ukaacha kanisa, na sasa kila ukitaka kurudi unapiga hesabu ya zaka ambazo hukutoa unaona ni mamilioni. Ndo unauliza kama ulipe kwanza au kama Mungu ameshakuchoka.

Zaka za nyuma usilipe hata mia. Mimi ni mzee wa kanisa kwenye usharika mmoja wa Kilutheri hapa Dodoma, na moja ya kazi zetu ni kuwafuata watu walioacha kuja, kwa hiyo swali lako nimelisikia kwenye vibaraza vingi sana, sema wengi hawaliulizi wazi kama wewe, wanakwambia tu "mzee nitakuja nikishajipanga kidogo". Ukikaa nao vizuri mpaka chai iishe ndo unagundua kujipanga kwenyewe ni hela, bahasha ya ahadi ya mwaka juzi bado iko tupu kwenye kabati na anaona aibu.

Shida ni kwamba tumemfanya Mungu kama wale jamaa wa mikopo ya kausha damu, kila siku unayochelewa riba inapanda, ukiona namba yao inapiga unazima simu. Ukishamwona hivyo hurudi ng'o, maana kila mwezi unaokaa nje deni linakua na linavyokua ndo unazidi kukaa nje.

Sasa fungua Malaki sura ya 3, ile ile ambayo wahubiri wanaipenda kwa ajili ya zaka, ila anzia juu kidogo kwenye mstari wa 6: "Kwa kuwa mimi, BWANA, sina kigeugeu, ndio maana ninyi hamkuangamizwa, enyi wana wa Yakobo." Unaofuata anasema "Nirudieni mimi, nami nitawarudia ninyi", na wao wanauliza swali lako kabisa, "Turudi kwa namna gani?" Ndiyo, hapo anawabana kuhusu zaka, siwezi kukuficha, ila anasema leteni ghalani ili kiwemo chakula, yaani kuanzia hapo mbele, hakuna mahali kwenye sura ile anawapigia malimbikizo ya miaka yote tangu baba zao. Na sababu ya wao kuwa hai bado haikuwa zaka, ilikuwa ni yeye kutokuwa na kigeugeu.

Halafu kuna Hosea, huyu huwa nampenda sana. Ni nabii wa ufalme wa kaskazini, enzi za Yeroboamu wa pili, nchi ina hela na ibada ziko kila kona ila mioyo iko kwa Mabaali, yaani miungu ya Wakanaani. Mke wa Hosea anaondoka anafuata wapenzi wake. Sura ya 3 Mungu anamwambia Hosea nenda kampende tena mwanamke mzinzi, na Hosea anakwenda kumnunua kwa vipande 15 vya fedha na homeri moja na nusu ya shayiri. Hebu ona hapo nani anatoa hela. Aliyekosewa ndo anaingiza mkono mfukoni, na inaonekana hata fedha taslimu haikutosha mpaka ikajaziwa na nafaka! Huyo mwanamke hakuambiwa jichange kwanza uje. Ukifika sura ya 11 unakuta Mungu anajiuliza mwenyewe, "Nikuacheje, Efraimu?" Efraimu ndo huo ufalme wa kaskazini, anauliza hivyo kwa taifa ambalo bado halijatubu, na adhabu ilikuja kweli, mji wao mkuu Samaria ulianguka mbele ya Waashuri kama mwaka 722 kabla ya Kristo, lakini swali lile halikufutwa.

Kwa hiyo kuadhibiwa na kutopendwa ni vitu viwili tofauti. Waebrania 12:6, yule Bwana anayempenda ndiye anamrudi, yaani anamwadhibu ili anyooke. Na wale wanaosema basi tuendelee tu maana upendo haubadiliki, Paulo ameshawajibu Warumi 6, "Hasha!", sina la kuongeza.

Lakini sikia, kuna deni ambalo lazima ulilipe. Umegusia juu juu kwamba uliondoka kwaya ukiwa na hela za michango ya sare. Hiyo rudisha, hata kwa mafungu. Watu wanamtaja Zakayo, yule mtoza ushuru, kuonyesha kwamba lazima ulipe ndo upokelewe, wakati ukisoma Luka 19 vizuri Yesu ameshajialika nyumbani kwake kabla jamaa hajatoa ahadi yoyote, na aliowarudishia mara nne ni watu aliowadhulumu. Hiyo ndo inaitwa kuitikia, umependwa kwanza halafu unaona mwenyewe huwezi kukaa na hela ya watu. Mtafute mweka hazina, mwambie nilichukua kiasi fulani, mwezi huu nina elfu ishirini, basi.

Nikupe kitu nilichokiona kwetu. Kuna kijana alirudi, naye alikuwa ameyumba kwa pombe, akawa anakaa benchi la nyuma kabisa karibu na mlango, matangazo yakianza tu anatoka. Sasa Jumapili moja ya mavuno alichelewa kutoka akakutana na mnada pale nje, si unajua mambo ya mnada baada ya ibada, kuku amefungwa miguu, mikungu ya ndizi, mayai, miwa, mwinjilisti anapiga kelele "elfu saba mara ya kwanza". Mama mmoja mjane, muuza mboga, akashinda trei la mayai, akaligeuza akampa yule kijana mbele ya watu wote, akamwambia "peleka kwa watoto". Hakumuuliza ulikuwa wapi. Mimi na uzee wangu wa kanisa nilikuwa nimemtembelea yule kijana nikiwa na mistari mingi tu, ila kusema kweli yale mayai yalimfikishia ujumbe kuliko mimi. Wiki iliyofuata alibaki mpaka matangazo yakaisha, na siku hizi anabeba viti vya jumuiya.

Ndo maana mtu akiniuliza Mkristo aitikieje upendo wa Mungu huwa sianzi na orodha ya kufunga na mikesha. Angalia Petro, amemkana Bwana mara tatu, Yohana 21 anakuta moto wa makaa, samaki na mkate, anaambiwa njoo ufungue kinywa. Wakishakula ndo anaulizwa "wanipenda?" na kila akijibu anapewa kazi ya kondoo. Anakula kwanza, halafu analisha wengine. Wewe uliyepitia mikeka unawajua vijana mtaani kwenu wanaolala na simu wakisubiri matokeo, mimi hawanisikilizi, wewe watakusikiliza.

Na usipime upendo kwa mfuko. Kipindi nimepunguzwa kazini kiongozi mmoja wa dini aliniambia nimefunga milango ya baraka kwa kutotoa, iliniuma sana aisee. Lakini Paulo aliyeandika kwamba hakuna cha kututenga na upendo wa Kristo, si dhiki wala njaa wala upanga, ndiye huyo huyo aliyechapwa mijeledi mara tano, bakora mara tatu, akavunjikiwa na meli mara tatu, 2 Wakorintho 11. Angekuwa anapima kwa mambo kumnyookea asingeandika Warumi 8.

Kuhusu kurudi kwaya usikimbilie. Kwaya nyingi zina utaratibu, utaambiwa ukae kipindi kwanza, ukiambiwa hivyo usikasirike ukadhani Mungu ndo amekukataa, hao ni wanakwaya tu wana katiba yao. Nenda Jumapili hii ibada ya kwanza, ile ya asubuhi haina watu wengi, na zile programu za kubeti zifute kwenye simu Jumamosi usiku kabla hujalala.