Ile sala ilikuwa ya nani?

Simu huanza kuingia Januari. Mara mwinjilisti, mara mama mchungaji, mara kijana aliyemaliza chuo cha Biblia juzi tu: "Mama, nasikia mnafundisha uchanganuzi nafsi pamoja na imani. Hivi vinapikika chungu kimoja kweli?" Wengi wao Freud, daktari wa Vienna aliyeanzisha uchanganuzi nafsi (tiba ya kumsikiliza mtu mpaka yaliyofichika moyoni yatoke), walikutana naye chuoni kwenye uhakiki wa fasihi, akatajwa dakika kumi kwa habari za ndoto na ngono, kisha mhadhiri akahamia kwa Marx. Kwa hiyo wananiuliza kwa kunong'ona, kama wanaulizia gongo inauzwa wapi.

Jibu langu refu ninaliandika hapa, nipumzike kulirudia kwenye simu.

Kabla ya kusomea kazi hii nilikuwa kiongozi wa maombezi kwa miaka tisa. Kuomba nilikuwa najua. Mteja wangu wa tatu nikiwa mwanafunzi alikuwa mwanamke wa makamo (nimebadilisha yanayoweza kumtambulisha). Aliingia akasema "Bwana asifiwe", nikaitikia "Amina", akakaa. Mama yake alikuwa amefariki miezi minne nyuma. Alilia kidogo, akafuta macho kwa pindo la khanga, kisha akasema polepole huku anaangalia sakafu: "Siku ile tunazika, moyoni nilifurahi."

Akanyamaza. Mimi mikono ilipoa. Nikasema, "Dada, tuombe."

Niliomba vizuri, sitajishusha kwa uongo. Akaitikia amina, akashukuru, akachukua pochi yake. Hakurudi tena.

Wiki iliyofuata nilimsomea msimamizi wangu maelezo ya kikao, neno kwa neno kama tulivyotakiwa. Alikuwa mchungaji mstaafu, mzee mpole ambaye chupa ya chai haikukosekana mezani kwake. Alisikiliza mpaka mwisho, akanimiminia chai, ndipo akauliza: "Mwanangu, ile sala ilikuwa ya nani?"

Nikasema ya mteja, ya nani tena.

"Alikuomba umwombee?"

Hapana.

"Sasa mle chumbani nani alikuwa anaogopa?"

Chai yangu ilipoa pale mezani. Katika somo letu kuna neno kinga: namna nafsi inavyojifunika ili isiguswe na jambo isiloweza kulibeba. Mtu mmoja hutania kila kitu, mwingine hukasirika, mwingine husahau. Mwanafunzi Mkristo huja na kinga ya hatari zaidi kwa sababu inafanana na karama. Ukikatiza maneno ya mtu kwa utani, utakemewa. Ukiyakatiza kwa sala, utaambiwa umetumiwa na Mungu. Yule dada alikuwa amefungua kidonda, nami nikakifunika upesi kwa kitambaa cheupe kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa nimemzika mama mwaka mmoja kabla, na nilikuwa na ya kwangu ambayo sikutaka kuyasikia yakisemwa kwa sauti.

Sikatazi sala. Mteja akiniomba tuombe, huwa namuuliza, "Ungependa tuombe nini?" Hapo ndipo mambo hufunguka. Ningemuuliza yule dada angeniambia, na labda tungekaa mwaka mzima juu ya hilo jibu lake moja.

Wapo pia wanaokosea upande wa pili: waliosoma Freud kidogo, wakaona kila anayetaja Yesu ni mgonjwa wa kutibiwa. Hao huwa nawapa habari za Oskar Pfister, mchungaji wa Zürich kule Uswisi. Alianza kuandikiana na Freud mwaka 1909, na barua ziliendelea mpaka Freud alipokaribia kufa mwaka 1939. Miaka thelathini! Mmoja Myahudi asiyeamini, mwingine mchungaji mwenye usharika. Tangu barua za mwanzo Freud alimwambia kwamba uchanganuzi nafsi wenyewe hauna dini wala haupingi dini. Ni chombo ambacho kasisi na asiye kasisi wanaweza kukitumia kumsaidia anayeteseka. Mwaka 1927 Freud akatoa kitabu akisema dini ni ndoto ya kujiliwaza. Pfister akamjibu hadharani mwaka 1928, tena katika jarida la Freud mwenyewe, na urafiki haukuvunjika. Wanafunzi wangu wakianza kurushiana mistari ya Biblia na nadharia darasani huwa nawakumbusha hao wazee wawili.

Ila mtu aliyenifundisha zaidi ni Ronald Fairbairn, Mskoti wa Edinburgh. Kijana huyu alisoma theolojia akitaka kuwa mchungaji, vita ya kwanza ya dunia ikaingilia, akarudi akasomea udaktari. Alifanya kazi na watoto walioumizwa na wazazi wao, akaona jambo ambalo nawe utaliona ukikaa kwenye kiti hiki miezi sita tu: mtoto anayepigwa na baba mlevi hasemi baba ni mbaya. Anasema, mimi ndiye mbaya. Kwa nini? Mwaka 1943 Fairbairn alilieleza kwa lugha ya kanisani: ni heri kuwa mwenye dhambi katika ulimwengu unaotawaliwa na Mungu kuliko kuishi katika ulimwengu unaotawaliwa na Shetani. Mtoto akikubali kuwa yeye ndiye mkosaji, angalau baba anabaki mwema, na kesho huenda mambo yatakuwa mazuri iwapo yeye atatulia. Akikubali kuwa baba ndiye mbaya, hana pa kukimbilia.

Sasa mlete mtoto huyo akiwa na miaka arobaini, kwaya kuu, sauti ya tatu, anatubu kila ibada. Anatubu hasira, anatubu uvivu, anatubu hata alivyomjibu dereva wa bodaboda. Mwanafunzi mwenye moyo mzuri atamwambia, "Mungu amekusamehe." Neno ni la kweli. Lakini ukimsamehe mtu dhambi ambayo si yake, umemthibitishia kwamba ni yake. Kanisani tumezoea kuuliza umetenda nini. Huyu anahitaji mtu wa kumuuliza ametendwa nini, kisha anyamaze asikilize, hata kama jibu linamhusu mzee wa kanisa aliyekwisha kuzikwa kwa heshima zote.

Kuna zoezi tunalofanya mwezi wa kwanza wa kozi. Tumelichukua kwa Ana-María Rizzuto, daktari wa akili aliyetoka Argentina akafanya kazi Boston. Mwaka 1979 alichapisha utafiti wake juu ya wagonjwa ishirini ambao, pamoja na mengine, aliwaomba wamchore Mungu. Alionyesha kuwa picha ya Mungu aliyonayo mtu moyoni hujengwa tangu utotoni kwa vipande vya baba, mama, bibi na wengine waliomlea, na mara nyingi hailingani na Mungu aliyefundishwa kipaimara. Basi nami huwagawia karatasi na penseli. Wachungaji huguna. Mmoja alichora ofisi yenye mlango uliofungwa na benchi nje. Nikamuuliza Mungu yuko wapi. Akasema yuko ndani, ana wageni. "Na wewe?" Akaonyesha benchi kwa penseli. Amehubiri neema kwa miaka kumi na minne mtu huyo.

Ndiyo maana kozi yoyote isiyokudai upate tiba yako mwenyewe usiipotezee ada. Tangu taasisi ya uchanganuzi nafsi ya Berlin ilipofunguliwa mwaka 1920, mafunzo haya yamekaa juu ya mafiga matatu: tiba ya mwanafunzi mwenyewe, kazi chini ya msimamizi, na masomo ya darasani. Huku kwetu wengi hutaka figa la tatu tu kwa sababu ndilo lenye cheti. Mimi tiba yangu niliifuata Nairobi, maana Arusha kila aliyefaa kunisikiliza alikuwa anamfahamu mume wangu. Kila baada ya wiki mbili napanda basi alfajiri. Pale Namanga afisa mmoja alinizoea, akaniuliza nakwenda kufanya nini kila mara. Nikasema kutibiwa. "Mama unaumwa nini?" Nilikosa jibu, foleni nyuma yangu inasikiliza. Nikasema, "Bado wanatafuta." Siku hizi mnaweza kuonana kwa video, hamna kisingizio.

Kitu kingine ambacho vitabu vya wazungu havitakwambia: acha kumsindikiza mteja. Najua ni adabu. Lakini sisi mazungumzo yenyewe huwa ni ya njiani. Mgeni anakaa saa nzima anasema mvua na mahindi, ukimtoa ndipo anasema, "Ila kuna jambo moja, dada." Mwanafunzi wangu mmoja alikuwa anawasindikiza wateja wake hadi kituo cha daladala na kuandika kwamba hawasemi kitu ndani. Yote yalikuwa yanasemwa barabarani! Tulipokubaliana aishie mlangoni, dakika hamsini kamili, wiki ya tatu yale maneno ya barabarani yakaanza kuingia chumbani. Toza pia ada, hata kama ni ndogo. Mtu anayehudumiwa bure na mchungaji anaona vibaya kumkasirikia, na asipoweza kukukasirikia ataondoka na hasira yake kama alivyokuja.

Kama una cheo kanisani, usimtibu mshiriki wako. Utakaaje kwenye kikao cha kumtenga mtu aliyekueleza Jumatano kwamba ana hawara? Mpeleke kwa mwenzako, naye akuletee wa kwake. Na mtu ambaye hajalala siku nne, anasikia sauti zinazomwamuru ajidhuru, huyo ni wa hospitali leo hii, maombi na mazungumzo yatamkuta huko. Anayekwambia ana pepo usibishane naye. Muulize lilianza lini, na nyumbani kulikuwa na nani siku hiyo.

Zoezi la mwisho tunalowapa ni Zaburi ya 88. Mwanafunzi anaisoma kwa sauti, anafika mwisho kwenye giza, anafunga kitabu. Haruhusiwi kuongeza neno la faraja, na mwandishi wa zaburi mwenyewe hakuongeza. Dakika tatu za kimya. Mara ya kwanza hakuna anayezimaliza. Yupo atakayekohoa, yupo atakayeanza pambio.

Kuna kanuni moja inayowashinda Waswahili wote ninaowafundisha: mteja wako ukimwona mtaani usimsalimie kwanza, maana huenda yuko na mtu asiyejua kwamba anakuja kwako. Unasubiri aanze yeye. Kwa malezi yetu ni kama kufundishwa utovu wa adabu.

Miaka sita baada ya kikao kile nilimwona yule dada kwenye soko la Kilombero, amechuchumaa anachagua nyanya. Nilisimama na kikapu changu. Aliinua uso, akaniona, tukatazamana. Kisha akarudi kwenye nyanya zake, akaigeuza moja, akairudisha kwenye fungu, akachukua nyingine.